Kona ya Bomba Haisinzii

Ndugu zangu mafundi, wahandisi na wakandarasi wa jiji hili la Nairobi, nanyi wanafunzi mnaobanana kwenye matatu za alfajiri kwenda Kabete, Chiromo na barabara ya Haile Selassie, nisikilizeni. Nina neno juu ya kona ya bomba la maji. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu kona inahesabika. Inahesabika kwa karatasi moja na kalamu moja, kwa sheria ambazo Newton alizichapisha mwaka 1687 na ambazo kijana wa kidato cha nne anaweza kuzifuata. Na bado tunafukia kona ambazo hakuna aliyezihesabu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu anamtaja mtu aliyeanza kujenga mnara bila kupiga hesabu, akashindwa kuumaliza, waliouona wakamcheka. Mnara wa bwana yule ulikuwa juu ya ardhi, kila mpita njia aliuona. Kazi yetu sisi iko chini ya lami. Tukiikosea, hakuna anayetucheka siku hiyo. Tunapongezwa, tunalipwa, tunapakia vifaa kwenye pikapu na kuondoka, na kona inabaki pale na deni lake.

Tazameni maji yetu yanakotoka. Bwawa la Ndakaini huko Gatanga, Murang'a, lilikamilika mwaka 1994, nalo hubeba mita za ujazo milioni 70. Maji yake husafishwa Ngethu kisha huteremka mpaka matangi ya Gigiri. Sasumua, bwawa la miaka ya 1950, liko juu zaidi upande wa Nyandarua, nalo pamoja na Ruiru hulisha matangi ya Kabete. Sehemu kubwa ya safari hiyo haisukumwi na pampu yoyote. Ni mteremko wa Mungu tu. Katikati ya jiji iko kwenye kimo cha mita 1,660 hivi juu ya usawa wa bahari. Kabete inapita 1,800. Ukitoka Uthiru ukashuka Kangemi, ukapita Westlands mpaka Chiromo, unashuka zaidi ya mita 100, na bomba linashuka pamoja nawe.

Kila mita 10 za kushuka zinaongeza presha ya karibu kilopaskali 100. Bomba lisipopunguziwa presha njiani kwa tangi au kwa vali, mita 100 za mteremko ni kilopaskali 1,000 kasoro kidogo, zikikaa ndani ya chuma usiku na mchana. Mteremko huo tumepewa bure, na tunausifu kwa sababu hautumii stima. Lakini umekuja na nguvu, na nguvu hiyo inatafuta mahali pa kutokea. Mahali pake pa kwanza ni kona.

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, hata waliosoma. Tunafikiri kona inaumia kwa sababu maji yanaigonga yakipita. Tunawaza abiria wa matatu ikikata kona kwa kasi: wote wanalalia dirisha la nje. Picha hiyo ni ya kweli, na maji nayo hulalia ukuta wa nje wa kona. Lakini ni sehemu ndogo mno ya habari, na anayeishia hapo ataweka kona yake mchangani akidhani ameiweka salama.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme bomba la milimita 600 linatoka Kangemi likifuata Waiyaki Way kuelekea mjini, kisha linakata kulia, nyuzi 90, kuingia barabara ya James Gichuru. Presha ndani yake ni kilopaskali 1,000, tukihesabu kile kinachozidi presha ya hewa iliyo nje. Maji yanakwenda mita 1.5 kwa sekunde, mwendo wa kawaida kwa bomba kuu.

Eneo la mdomo wa bomba ni mita za mraba 0.283. Zidisha kwa kasi, unapata lita 424 kwa kila sekunde, yaani kilo 424 za maji. Zidisha kilo hizo kwa kasi tena: nyutoni 636. Hiyo ndiyo nguvu ya mwendo, ile ya abiria wa matatu. Ni uzito wa mtu mzima mmoja, kilo 65 hivi.

Sasa hesabuni presha. Kilopaskali 1,000 mara mita za mraba 0.283 ni kilonyutoni 283. Tani 29, wapendwa! Kilo 65 upande mmoja, tani 29 upande wa pili, katika kona ile ile, saa ile ile. Na hizo tani 29 zinasukuma mara mbili. Maji yanayoingia yanaisukuma kona kuelekea mjini, na maji yaliyo mbele, yale ambayo tayari yamegeuka kuelekea Lavington, yanairudisha kona kinyume cha njia yao. Misukumo hiyo miwili haikutani uso kwa uso ikauana. Inakutana kwa pembe mraba, na jumla yake ni mara 1.414 ya mmoja: kilonyutoni 400, uzito wa tani 40 na ushei, ukielekea nje ya kona, kaskazini-mashariki, ng'ambo ya barabara.

Kwenye bomba lililonyooka misukumo hiyo ingekutana uso kwa uso na kumalizana, na wewe usingejua kama iliwahi kuwepo. Kona ndiyo inayoifichua. Tii inaifichua, kizibo cha mwisho wa laini kinaifichua, hata mahali bomba pana linapokutana na bomba jembamba. Popote maji yanapolazimishwa kuacha njia yake au kukoma, kuna mtu lazima ayazuie, na kama hukumweka wewe, basi ni pete ya mpira ndani ya soketi. Pete hiyo iliumbwa izuie maji yasivuje. Haikuumbwa ishike tani 40.

Nataka mlishike jambo linalofuata kuliko yote niliyoyasema. Fungeni vali. Maji yasimame tuli. Nguvu ya mwendo imekwisha, nyutoni 636 zimetoweka. Zile kilonyutoni 400? Zipo. Hazikupungua hata chembe ya kutajwa. Kona yenye maji yaliyosimama inasukumwa sawasawa na kona yenye maji yanayokimbia. Tena usiku, watu wakishafunga mifereji yao Lavington na Kileleshwa na Kawangware, msuguano ndani ya bomba unapungua kwa kuwa maji yanakwenda polepole, na presha inapanda. Saa nane za usiku ndipo kona inapobeba mzigo wake mzito wa kila siku. Basi usije ukaniambia eti bomba hili halina maji mengi, halihitaji zege. Niambie presha yake, niambie kipenyo chake, niambie pembe. Mengine ni porojo.

Na jiji letu lina mzigo mwingine juu ya huo: mgao. Tangu Januari 2017, mvua zilipogoma na Ndakaini kushuka, Nairobi imeishi kwa ratiba. Mtaa huu Jumatatu na Alhamisi, mtaa ule Jumamosi. Tunaisoma ratiba kama wanaohitaji kujaza mitungi, na ni haki yetu. Lakini isomeni pia kwa macho ya kona. Kila mstari wa ratiba ile ni mtu anayeshuka kwenye chemba na ufunguo mrefu wa vali, akifungua huku na kufunga kule.

Mtazameni mtu huyo akifunga. Vali ya geti ya bomba kubwa ina mizunguko mingi. Mizunguko ya kwanza haibadilishi kitu. Geti linashuka, na maji yanajipenyeza chini yake kwa kasi zaidi, wingi ukiwa karibu ule ule. Ni ile mizunguko michache ya mwisho ndiyo inayokata maji. Na ni hapo hasa ambapo mtu aliyechoka, mwenye chemba nyingine tatu kabla ya jua kuchwa, anaharakisha. Maji yaliyokuwa safarini, kilomita nzima za maji, yanaambiwa simama.

Nikolai Zhukovsky alilipima jambo hilo kwenye mabomba ya maji ya Moscow mnamo 1897, na mwaka uliofuata akachapisha kanuni yake. Maji yakisimamishwa ghafla, presha inaruka kwa kiasi cha uzito wa maji kwa mita ya ujazo, mara kasi ya wimbi ndani ya bomba, mara mwendo uliokatwa. Katika bomba la chuma wimbi hilo hukimbia karibu mita 1,000 kwa sekunde. Kwa maji yetu ya mita 1.5 kwa sekunde, presha inaruka kilopaskali 1,500 juu ya zile 1,000 zilizokuwapo. Rudini kwenye kona ya James Gichuru mkazidishe upya: si kilonyutoni 400 tena, ni 1,000. Tani 100! Kwa muda wa kufumba na kufumbua, ndiyo, kisha wimbi linarudi, linakwenda, linarudi. Lakini soketi haihitaji muda mrefu kuachana na bomba.

Ghafla maana yake nini? Maana yake ni kufunga kabla wimbi halijaenda mpaka mwisho wa laini na kurudi. Laini ya kilomita 2, sekunde 4. Laini ya kilomita 10, sekunde 20. Kwa hiyo, ndugu yangu unayeshika ufunguo wa vali, wewe ni mhandisi wa kona kuliko mwenye shahada aliyechora mchoro. Ile mizunguko ya mwisho ifunge polepole, kisha polepole zaidi. Na siku ya kufungua, bomba likiwa tupu, fanya vivyo hivyo. Mnaijua ile sauti kwenye mifereji ya Kangemi asubuhi ya zamu: mfereji unapuliza upepo, unakohoa, unatema kutu, ndipo maji yanakuja. Upepo ule ulikuwa umejaa ndani ya laini nzima. Maji yakiruhusiwa kuufukuza mbio, mara upepo unapokwisha yanagonga kona na nguvu yote ya mbio zile. Vali za kutoa hewa ziko kwenye vilele vya mabomba kwa ajili hiyo. Nyingi zimefunikwa na udongo, na wengine wameweka vibanda juu ya chemba zake. Zifukueni.

Sasa tuje kwenye zege. Kona ya viungo vya mpira haijishiki yenyewe. Bomba la chuma lililochomelewa au bomba la plastiki lililoyeyushwa kiungoni linaweza kuivuta kona irudi, maana limekuwa kitu kimoja. Lakini la soketi na pete lazima lipate mgongo, na mgongo huo ni zege lililomwagwa kati ya kona na ukuta wa mtaro, likipanuka kuelekea udongoni. Zege lenyewe halizuii kitu, fahamuni hivyo. Zege linapeleka msukumo kwenye udongo, na udongo ndio unaozuia.

Basi ni lazima uujue udongo. Huku magharibi, Kabete na Dagoretti, tuna udongo mwekundu wa volkano, mzuri kiasi ukiwa haujachokorwa. Ukishuka upande wa pili wa jiji unakutana na udongo mweusi wa pamba, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na mtu anayeuegemezea kona bila kuupima anajidanganya. Tuseme umepima, ukaona udongo wako unaweza kubeba kilopaskali 100 kwa salama. Kilonyutoni 400 gawanya kwa 100: mita za mraba 4. Uso wa zege lako unaogusa udongo uwe mita 2 kwa mita 2, kwa presha ya kawaida tu. Ukiongeza mruko wa presha wa vali, ukubwa unapanda. Nimeona kona za bomba kubwa zikiwekewa zege la karai mbili tatu, limepakwa juu kama pambo. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Aliyechelea mifuko ya saruji kwenye kona atairudia kona hiyo usiku, mvuani, na wenyeji wamemzunguka na mitungi mitupu.

Na udongo huo uwe ule uliolala tangu kuumbwa. Usiuchimbe mtaro mpana, ukamwaga zege katikati, kisha ukajaza nyuma yake kifusi na kukikanyaga kwa buti. Kifusi kitasogea sentimita 2, na sentimita chache za kusogea zinatosha soketi kuachia. Chimba ukuta wa nje wa kona kwa mkono, usafishe, umwage zege liguse ardhi yenyewe. Usiweke presha ya majaribio kabla zege halijakomaa, hata kama mkandarasi anapiga simu kila saa.

Kwenu mnaochimba mitaro ya nyaya za intaneti kando ya barabara zetu, na ninyi mnaopanua barabara zenyewe: najua kazi yenu ni halali na jiji linaihitaji. Lakini mnapopita nyuma ya zege la kona mkaondoa udongo wa upana wa koleo moja, mmeondoa ule ule uliokuwa ukizuia tani 40. Mabomba hayatafumuka mkiwa hapo. Yatafumuka wiki ya pili, au siku ya mgao kurudi, na lawama zitamwangukia mwingine. Shuka siku moja kwenye shimo la kona iliyofumuka uone. Zege liko zima, halina ufa hata mmoja. Limesogea tu, upana wa kiganja, kuelekea mtaro wa nyaya. Soketi imeacha bomba, na pete ya mpira inaning'inia nje, nyeusi, inang'aa, haina hata mchubuko. Kila kifaa kilifanya kazi yake. Aliyeondolewa ni udongo.

Mitaa yetu ya magharibi ina mabonde, na mabonde yana kona za aina yake. Mto Nairobi unatoka Ondiri, Kikuyu, ukikata Dagoretti na Kawangware. Kirichwa Kubwa inapita pembeni mwa Kileleshwa. Bomba linalovuka mto linainama likiingia bondeni na kuinuka likitoka. Kona ya chini inasukuma kuelekea tope. Kona ya juu, pale ukingoni bomba linapoanza kushuka, inasukuma kuelekea mbinguni, na juu yake hakuna udongo wa kuizuia ila futi chache. Hiyo haizuiwi na upana. Inazuiwa na uzito. Bomba la milimita 300 lenye kilopaskali 800, likikunjwa nyuzi 22 na nusu tu, linainua kilonyutoni 22. Hiyo ni zaidi ya tani 2, na unahitaji karibu mita moja nzima ya ujazo wa zege ili kulisawazisha, kabla hujaongeza chochote cha usalama, na zege hilo lifungwe na bomba kwa mikanda ya chuma. Usipolifunga, bomba litainuka na zege libaki limekaa.

Wala msiseme haya ni ya mabomba makubwa. Bomba la plastiki la milimita 110, lile linaloingia kwenye ploti za Uthiru na ambalo kibarua mmoja hulibeba begani akiimba, likiwa na kilopaskali 600, kona yake ya nyuzi 90 inasukuma kilo 800. Na wangapi kati yetu huifukia na kuendelea?

Mbona nasema kwa ukali hivi? Kwa sababu Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha, na haki hiyo inasafiri ndani ya mabomba haya. Ripoti za mdhibiti wa huduma za maji, WASREB, zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba karibu nusu ya maji yanayoingia kwenye mtandao wa Nairobi hayalipiwi. Mengine huibwa, mengine hayapimwi ipasavyo, mengine yanamwagika ardhini. Kiungo kilichosogea kidogo hakifumuki mara zote. Kinaweza kuvuja polepole miaka mingi. Na presha ikikatika siku ya mgao, uvujaji unageuka: maji machafu yaliyotuama mtaroni, ya mvua au ya choo kilicho jirani, yanafyonzwa kuingia ndani. Asubuhi presha inarudi, na mama wa Kawangware anajaza mtungi wake, anamkorogea mtoto uji. Hakuna aliye kwenye kona ya James Gichuru atakayejua yaliyompata mtoto huyo. Ndiyo maana nawasihi nyinyi mjue.

Wahandisi, kila kona katika mchoro iandikwe pembe yake, presha ya juu kabisa inayotarajiwa pamoja na mruko wa presha wa vali, msukumo wake kwa kilonyutoni, na ukubwa wa zege. Zege likishafunikwa, mchoro uonyeshe lilipo na upande linakosukuma, na nakala ifike kwa watu wa maji na kwa watu wa barabara, ili atakayechimba kesho ajue. Mafundi, msikubali kona isiyo na namba. Ukiambiwa weka tu, uliza tani ngapi. Ukikosa jibu, weka koleo chini mpaka jibu lipatikane. Ni afadhali ugomvi wa mchana mmoja.

Na wewe mwanafunzi, toa karatasi sasa hivi, kabla hujashuka kwenye matatu. Bomba ni lile lile la milimita 600, presha ile ile, kasi ile ile, lakini kona sasa ni nyuzi 45. Jumlisha msukumo wa presha na wa mwendo, kisha badala ya 1.414 zidisha kwa 0.765, ambayo ni mara mbili ya saini ya nusu ya pembe. Ukipata tani 22 hivi, zigawanye kwa uwezo wa udongo wako na uniambie upana wa zege. Ukipata kitu kingine, anza upya tangu eneo la mdomo wa bomba.